Polepole ya Miaka Sita

Ujumbe uliingia jioni, Edah Navalayo akiwa anasonga obusuma, ugali wa kwao. "Mama, tumbo limeanza polepole. Usijali." Baada ya hapo simu ya Abigail ikazimika, na Edah akajali mpaka kulipokucha.

Alijali akiwa ameketi kwenye kigoda, simu ameiegemeza kwenye nondo za dirisha, kwa maana katika nyumba yao yote ya Butali mtandao ulipita hapo tu. Kila alipopiga, mwanamke wa ndani ya simu alimwambia kwa sauti tamu kwamba nambari aliyopiga haipatikani. Kufikia mara ya kumi na tano alikuwa amemchukia mwanamke yule kama jirani mwenye mdomo.

"Mama Abi, lala," mumewe, Cleophas, akasema kutoka chumbani. "Mambo ya kuzaa yanakwendanga polepole."

"Wewe umezaa mara ngapi?"

Cleophas akajivutia shuka.

"Nimekuuliza, Baba Abi. Mara ngapi?"

"Nimesema tu."

"Basi sema polepole, nasikiliza simu."

Cleophas akageuka ukutani, na muda si mrefu akaanza kukoroma. Hata kukoroma kwake kulikuwa kwa polepole: mkoromo mmoja, kisha nafasi ya kutosha mtu kudhani amekufa, kisha mwingine.

Edah alikuwa na miaka hamsini na minne, na neno hilo alilijua kama mtu anavyojua njia ya kisimani. Alikutana nalo kwanza shuleni, ambako mwalimu aliwaambia wasome polepole, maana yake wasome kimya ili yeye alale. Alipofika darasa la saba mama yake akaugua. Wageni walikuja kumwona, wakatoka nje, wakaulizwa hali, wakasema, "Anaendelea polepole." Walisema hivyo miezi minne. Kila mtu pale alijua anaendelea kwenda wapi, isipokuwa Edah, ambaye alirudi shuleni akawaambia wenzake kuwa mama anapata nafuu. Mama alipozikwa, Edah hakurudi tena darasani, lakini alikuwa amejifunza jambo moja ambalo hakuna mwalimu aliyemfundisha: mtu akitamka neno hilo, mwangalie macho, usiangalie mdomo.

Akaolewa na Cleophas, mpole kuliko wanaume wote aliowahi kuwaona. Mkulima wa miwa. Walipanda, wakapalilia, wakangoja. Miwa ilipokomaa, mwenye trekta la kukodi aliwaambia trekta linakuja polepole. Miwa ikatoa maua. Trekta likawa linakuja. Panya wakazaa humo, wakalea, wakaozesha. Trekta likawa bado linakuja. Edah akaelewa kwamba kuna polepole ambayo haisogei hata hatua moja, na hiyo ndiyo inayosemwa kwa tabasamu kubwa zaidi.

Lakini kulikuwa na ile nyingine, ambayo hakuisimulia kwa mtu. Kabla ya Abigail alikuwa na mimba ya mtoto wa kiume. Uchungu ulipoanza, mama mkwe alimkalisha kwenye mkeka, akampa maji ya moto, akasema mtoto wa kwanza huja polepole. Kesho yake akasema hivyo hivyo. Walipokubali kwamba aende hospitali ilibidi wangoje trekta lile lile. Lilipofika, mtoto alishazaliwa, na hakulia. Watu walikuja na majani ya chai na sukari wakamwambia kwamba atasahau polepole. Hakusahau. Wala hakusahau polepole. Hakusahau tu.

Kwa hiyo usiku ule Edah hakuwa akiwaza mengi. Aliwaza jambo moja: binti yake yuko Shirere na uchungu, mtoto wa kwanza, na pembeni yake yuko mumewe, George.

Haki itendeke, George hakuwa mtu mbaya. Hakunywa. Hakupiga. Alikuwa karani katika ofisi fulani mjini Kakamega, ambako kazi yake ilikuwa kupokea barua na kuzipiga muhuri wa kwamba zimepokelewa. Kilichozipata barua baada ya hapo hakikumhusu. Alikuwa na sauti ya chini na mikono laini, na alipoulizwa jambo alifikiri kwanza, na alipomaliza kufikiri aliyeuliza alikuwa ameshaondoka. Abigail alimpenda. "Mama, ni mtu wa polepole," alisema siku ya kwanza, macho yakimng'aa, akimaanisha kwamba ni mtulivu. Edah aliyatazama macho, hakuona uongo, akanyamaza.

Taabu ilikuwa moja tu. Katika ukoo wao mama mzazi haingii nyumba ya mkwe wake kabla hajapokelewa. Kupokelewa si kazi ya mwezi. Ni siku moja. Wanawake wa upande wa mume wanamfuata mama kwao, wanamleta mpaka mlangoni, wanamvisha leso mpya mabegani, anachinjiwa ingokho, kuku wa heshima, anakula, anashukuru, anarudi kwake. Kuanzia siku hiyo anaweza kuja akiitwa au asipoitwa. Kabla ya hapo akivuka kizingiti ni aibu ambayo watu wataisimulia hadi kwa wajukuu. Na baya zaidi, akimpokea binti yake mlangoni na kuondoka naye, hiyo ndoa imekwisha: mama amemrudisha mtoto wake nyumbani.

Mwaka wa kwanza George alisema, "Tunakuja kukufuata, mama, polepole." Mwaka wa pili bibi yake mzaa baba alifariki. Mwaka wa tatu nyumba ilikuwa inapakwa rangi. Mwaka wa nne ami yake, Mzee Andati, ambaye bila yeye hakuna kinachofanyika katika ukoo ule, aliumwa mguu. Mwaka wa tano mguu ulipona, lakini Mzee Andati alikuwa ameshazoea kukaa. Huu ulikuwa wa sita. Edah alikuwa amefika Shirere mara mbili, na mara zote aliishia barazani kwa jirani, akaacha ndizi na mayai, akamsalimia mwanawe wakiwa wamesimama kwenye ua kama watu waliokutana sokoni.

Wiki iliyopita Abigail alimpigia simu akamweleza alichoambiwa kliniki. Muuguzi alisema kwamba mtoto wa kwanza huchukua muda, kwa hiyo wasikimbilie hospitali tumbo likianza tu kukatakata, wangoje uchungu ukaribiane. Tena alisema kwamba chupa ya uzazi ikipasuka, maji yakatoka, wasingoje hata dakika moja. Muuguzi alisema mambo mawili. Edah alikuwa na hofu kwamba George alishika lile la kwanza.

Kulipoanza kupambazuka alikuwa ameshavaa viatu.

"Unaenda kufanya nini huko?" Cleophas akauliza, ameketi kitandani, shuka kichwani. "Hutaingia."

"Nitasimama."

"Utasimama mpaka lini?"

"Mpaka nichoke."

"Mama Abi, hebu twende polepole na hawa watu. Tusije tukaharibu."

"Miaka sita tunaenda polepole. Sasa niambie, tumefika wapi?"

Cleophas akafikiri. Edah hakungoja amalize.

Barabarani palikuwa na bodaboda mmoja tu, kijana aliyeitwa Ochieng, ambaye kwenye kipande cha mpira kilichoning'inia nyuma ya pikipiki yake alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: POLEPOLE BOSI. Edah alijifunga leso kiunoni, akapanda.

"Shirere. Kuna mtu anajifungua."

"Polepole, mama, shika vizuri," Ochieng akasema, na pikipiki ikaruka kama iliyochomwa kwa sindano. Walipita Malava miti ikiwa mstari mmoja wa kijani. Kila walipofika kwenye tuta, Ochieng alipaza sauti, "Polepole!" na hakupunguza mwendo. Siku nyingine yoyote Edah angemtukana mpaka koo likauke. Asubuhi ile alimkumbatia kiuno, akafumba macho, akamwona kuwa ndiye mtu pekee mwenye akili katika kaunti nzima.

Saa moja na robo walikuwa kwenye ua wa nyumba za kupanga, vyumba sita vimepangana, wapangaji wengi wanafunzi ambao bado walikuwa wamelala. Barazani alikuwa Khadija peke yake, fundi wa nguo kutoka Matungu, aliyepanga chumba cha jirani na kina George. Khadija alikuwa mwanamke wa maneno ya haraka na sindano ya polepole. Wateja wake walijua kwamba akisema nguo iko mkononi, bado kitambaa hakijakatwa. Leo cherehani ilikuwa imefunikwa. Alikuwa ameketi kiti amekielekeza kwenye mlango wa George, tasbihi mkononi.

"Alhamdulillahi," akasema alipomwona Edah. "Karibu, mama. Mulembe."

"Mulembe. Yuko wapi mtoto wangu?"

"Yumo ndani."

"Ndani! Hajaenda hospitali?"

"Chupa ilipasuka alfajiri, nilikuwa nimeamka kuswali, nikasikia analia. Nikagonga. Bwana George akaniambia nisiwe na wasiwasi, kuna rafiki yake wa kazini, Tariq, ana gari, yuko njiani."

"Tangu alfajiri?"

"Nimemuuliza mara tatu. Anasema anakuja polepole."

Edah aligeuka. "Ochieng! Nenda huko barabarani, lete gari. Gari lolote lenye magurudumu manne."

"Manne yote, mama?"

"Potea!"

Ochieng akapotea. Edah akausogelea mlango hadi hatua mbili kutoka kizingitini, miguu ikajisimamia yenyewe kana kwamba kumechorwa mstari. Mama mkwe na mkwe hawasemeshani ana kwa ana, wala hawatazamani usoni. Hata mlango ukiwa katikati, adabu ni adabu. Akamgeukia Khadija.

"Mwambie mkwe wangu nimefika."

"Bwana George," Khadija akaita, "mama amefika."

Ikaja sauti ya George kutoka ndani, ya chini, yenye heshima zote. "Mwambie mama karibu sana. Mwambie tumefurahi. Ila asiingie."

"Anasema karibu sana, usiingie."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwulize kwa nini mke wake yuko kitandani na chupa imepasuka."

"Anauliza kwa nini..."

"Mwambie muuguzi alisema mtoto wa kwanza huja polepole."

Edah akaukazia macho mlango. Alikuwa amelisikia neno lile katika vinywa vya watu wengi, lakini katika sentensi hiyo hasa alikuwa amelisikia mahali pamoja tu, akiwa amelala kwenye mkeka.

"Mwambie," akasema, "mwambie muuguzi alisema na jingine. Amwulize mke wake, atakumbuka."

"Na bodaboda?" Khadija akaongeza la kwake. "Bwana George, bodaboda wako hapo nje wamejaa kama nzige."

"Boda itamtikisa. Abigail anatakiwa aende polepole."

"Polepole ya gari ambalo haliko?"

Ikaja sauti ya Abigail, nyembamba, kama inatoka chini ya godoro.

"Mama?"

"Niko hapa, mama yangu."

"Yanakaribiana. Sijamaliza kupumua, jingine linaanza."

Edah akapiga hatua moja. Ikabaki moja. Aliuangalia ule mlango: mbao nyepesi, bawaba mbili, ya chini imelegea. Alikuwa amebeba magunia ya mahindi maisha yake yote. Bega lake lingeusukuma mlango kama huo bila kuweka mzigo chini. George lazima alisikia ile hatua, kwa sababu akaja mbio, mbio za kwanza ambazo Edah aliwahi kumsikia akipiga, akaegemea mlango kwa mgongo.

"Mama, tafadhali!" Kwa woga alisahau kupitia kwa Khadija. "Ukiingia leo tutakuwa tumekuvunjia heshima. Sikukataa kukupokea. Tulikuwa tunakuja. Ngoja nimpigie ami."

Akampigia ami, akaipaza simu ili wote wasikie. Mzee Andati alikuwa anakunywa uji, walimsikia akiuvuta.

"Nani yuko mlangoni?"

"Mama mkwe, ami."

"Ameitwa na nani?"

"Hajaitwa. Abigail ana uchungu."

"Hiyo ni habari njema. Sasa sikiliza. Mama asiingie. Leso iko wapi? Kuku yuko wapi? Shangazi zako wako wapi? Mambo ya ukoo hayakimbizwi kama mwizi. Mwambieni arudi, sisi tutakuja kumfuata vizuri, wiki ijayo, polepole, na ngoma."

"Wiki ijayo!" Edah akamwambia Khadija. "Mwambie huyo mzee mjukuu wake wiki ijayo atakuwa anatambaa, kama ataishi."

"Anasema nini huyo?" simu ikauliza.

"Anakusalimia," Khadija akasema.

Nje ya lango gari likapiga honi. Ochieng alikuwa amerudi na Probox, amesimama mlangoni mwa gari kama askari wa mkuu wa mkoa. Dakika saba. Edah alizihesabu. Dakika saba, na Tariq wa kazini alikuwa njiani tangu alfajiri.

"Gari lipo," Khadija akaita. "Bwana George, gari lipo! Na tena, nyinyi watu, mnagombania nini? Mmekalia mama aingie, mama asiingie. Kwani anayetakiwa hospitali ni mama? Si Abigail atoke!"

Kwenye simu, Mzee Andati akaacha kuvuta uji. Ilikuwa kweli kabisa, na hakuna aliyekuwa ameifikiria.

Lakini George alikuwa ameifikiria, kwa namna yake. Aliposema, sauti yake haikuwa ya karani tena. "Akitoka, anaingia mikononi mwa mama yake. Kwetu hiyo ni kurudishwa nyumbani. Nitakuwa nimempoteza mke mlangoni kwangu mwenyewe, na sababu ni mimi, kwa sababu sikuleta leso miaka sita. Unadhani sijui?"

"Ni kweli," simu ikasema. "Akishikwa mkono na mama yake hapo mlangoni, ndoa imekwisha. Hata mimi siwezi kuitetea."

Abigail akalia tena ndani. Kilio hiki hakikuwa na maneno.

Edah alisimama na mikono ikining'inia. Bega lilimwambia sukuma. Miaka sita ya hasira ilimwambia sukuma. Angeingia kwa kishindo, angemwona George amelala chini na mlango juu yake, na Shirere nzima ingetoka na miswaki mdomoni kutazama, na ukoo wa Andati ungejua mwanamke wa Butali ni nani. Ilikuwa tamu, picha hiyo. Akaiangalia mara moja, kama mtu anavyoangalia nyama ya dirishani buchani ambayo hana haja ya kuinunua. Mgongo wa George ulikuwa nyuma ya mlango, na nyuma ya George kulikuwa na kitanda, na kusukumana kungechukua muda. Muda ndio ambao Abigail hakuwa nao. Angeshinda Edah, au angeshinda George, na mtoto angekuja akute wanashindana.

Akarudi nyuma hatua mbili. Kisha nyingine.

"Khadija."

"Naam, mama."

"Mwambie mkwe wangu kwamba mama hakuja leo."

Khadija akamtazama. "Hakuja?"

"Hakuja. Yuko kwake Butali, anachambua maharagwe."

Khadija aliangalia mlango, akamwangalia tena Edah, ambaye tayari alikuwa anafungua leso kiunoni. Kisha akaelewa, na uso wake wote ukafunguka kama kitambaa kinachotandazwa mezani. Akaweka tasbihi chini.

"Bwana George! Mama hakuja leo!"

"Hakuja?" George akauliza.

"Mimi niko hapa barazani tangu alfajiri. Sijamwona mama yeyote. Ochieng, wewe umemleta mama yeyote?"

"Mama gani?" Ochieng akasema kutoka langoni. "Mimi nimeleta abiria tu. Hata jina lake silijui."

"Anasemaje huyo?" simu ikauliza.

"Anasema mama hakuja, ami," George akajibu, polepole, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja.

"Na yule aliyekuwa anapiga kelele?"

"Ni mimi fundi, mzee," Khadija akapaza sauti. "Huwa nina kelele. Uliza wateja wangu."

Mzee Andati akafikiri. Walimsikia akiweka kikombe chini.

"Basi kama mama hakuja," akasema, na sauti yake ikapanda kwa ghadhabu ya haki, "wewe George unangoja nini? Mkeo ana uchungu, gari liko nje, na wewe umekaa ndani unanipigia mimi simu! Ni mwanamume gani wewe? Mpeleke mtoto wa watu hospitali! Haraka!"

Edah hakuyasikia hayo yote. Alikuwa ameshauvuka ua na kutoka langoni. Aliingia kiti cha nyuma cha Probox, akajitanda leso kichwani mpaka usoni, akainama. Dereva akamtazama kwenye kioo.

"Mama, wewe ndiye mgonjwa?"

"Mimi siko," Edah akasema kutoka ndani ya leso. "Washa gari."

Dereva, ambaye alikuwa amebeba watu wa kila aina katika mji ule, akawasha gari.

Chini ya leso kulikuwa na joto na harufu ya moshi wa kwake. Hakuona kitu, kwa hiyo alisikia kila kitu. Alisikia Khadija akigonga kwa kiganja, "Tokeni, tokeni." Alisikia George akivuta droo, akitafuta kadi ya kliniki, akiipata, akitafuta shati. Alisikia jinsi alivyomwambia mkewe kwa upole mkubwa, "Polepole, Abi, subiri kidogo, nivae soksi." Edah akauma pindo la leso. Alikuwa amejitoa, amejifuta, amekuwa si mtu, na mlango bado ulikuwa umefungwa kwa sababu ya soksi.

"Iko moja tu," George alikuwa anasema huko ndani. "Hii nyingine nilikuwa nimeiweka wapi? Abi, hujaiona? Abi, keti kwanza, utaangu..."

Hakumaliza. Edah akasikia miguu mitupu ikiburura kwenye sakafu, ikisimama, pumzi ikivutwa kwa meno, miguu ikaendelea. Hayakuwa matembezi ya George, yalikuwa ya Abigail. Kisha komeo likavutwa, na mkono uliolivuta haukuwa na muda wa kulifungua kwa adabu, kwa sababu ubao wa mlango uligonga ukuta na bawaba ya chini ikatoka kabisa, mlango ukaachama upande mmoja, miguu mitupu ikavuka kizingiti, na Khadija akasema, "Bismillahi."